Kukata Roho kwa Herufi Kubwa

Mama mdogo wangu hapendi riwaya za Kikristo, na kazi yake ni kusoma riwaya za Kikristo. Anazisoma asubuhi mpaka jioni kwenye ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la magodoro, rula chini ya mstari, kalamu nyekundu mkononi, miwani imeteremka hadi ncha ya pua. Ni msahihishaji. Kitabu hakiingii mtamboni mpaka yeye aweke sahihi kwenye ukurasa wa mwisho wa prufu, yaani zile karatasi za majaribio zinazotolewa kabla ya kitabu chenyewe. Ofisini wanamwita Mama Ukome, kwa sababu ndilo neno analoliandika pembeni mwandishi akirudia kosa lilelile mara ya tatu.

Nyumbani ni vilevile. Nikirudi kutoka shule nikasema nimekufa kwa njaa, ananiuliza, basi anayeongea ni nani. Naishi kwake kwa sababu shule iko karibu, na kwa sababu tangu baba mdogo afariki nyumba ile ilikuwa imemzidi. Baba mdogo alikuwa fundi wa pampu za maji. Maneno yake ya siku nzima ungeweza kuyaweka kwenye kijiko na chai isimwagike.

Dada yake baba mdogo ni mwandishi. Mimi namwita shangazi; Mamdogo anamwita wifi, na akilitamka neno hilo utadhani ametafuna mchanga. Hawajawahi kupatana. Shangazi anasema Mamdogo ana roho ya kutu. Mamdogo anasema shangazi anamimina sukari kwenye kila kitu, hata kwenye chai ya mgonjwa wa kisukari.

Mwaka mmoja baada ya mazishi, shangazi akatoa riwaya. Inahusu mjane aliyefiwa na mumewe, fundi wa matrekta. Matrekta, kana kwamba sisi wengine hatuna akili. Kila jioni roho ya marehemu inakuja, inaketi miguuni pa kitanda na kumpa mjane mashauri: usilie, kiuze kile kiwanja, msamehe wifi yako. Ndiyo, wifi naye yumo humo ndani. Ni mtu mwema ajabu, anaonewa tangu ukurasa wa kwanza.

Nilikisoma mara mbili, nikalia mara mbili. Na si mimi peke yangu. Kilichapishwa kwingine, kikauzwa kama maji wakati wa kiangazi. Akina mama wa kanisani wakawa wanakisoma kwa vikundi, mmoja anasoma, wengine wanafuta macho kwa ncha za vitambaa. Kisha wakaanza kumgeukia Mamdogo. Baada ya ibada wanamshika mkono, wanamuuliza kwa sauti ya chini: na wewe, mama, anakuja? Anasema nini? Mamdogo aliwajibu kwa neno moja: amekufa. Wakaambiana kwamba mwanamke yule ni jiwe, na kwamba labda marehemu haji kwa sababu ya mapokezi.

Shida yenyewe ilianza pale kanisa lilipotaka kukiweka kitabu hicho kwenye maduka yake yote ya vitabu. Mchungaji anayesimamia mafundisho alikisoma akasema hapana, wafu hawarudi kutoa ushauri wa viwanja. Rekebisha hilo, akamwambia shangazi, nasi tutakichukua. Shangazi akarekebisha, akapewa kibali, akakipeleka kwenye ofisi ileile ya juu ya magodoro, maana ndiyo inayochapa vitabu vya kanisa. Meneja akapokea kwa mikono miwili. Prufu zikatua kwenye meza ya Mamdogo.

Alikuja nazo nyumbani, akakaa mezani, na baada ya muda nikasikia kitu nisichokizoea: Mamdogo anacheka. Akaniita nisome. Kwenye sura ya pili, babu wa mjane, baada ya kuugua sana, *akakata Roho*. Kwenye sura ya nne kulikuwa na jirani *mwenye Roho mbaya*. Kwenye sura ya sita bwana harusi amechelewa, na bibi harusi amekaa *Roho juu*. Shangazi alikuwa ameiamuru kompyuta igeuze kila "roho" iwe "Roho", na kila "ikaketi" na "ikaniambia" ziwe "akaketi" na "akaniambia", kisha hakurudi kutazama. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Nilijaribu kuwaza mtu anakataje Roho mwenye herufi kubwa, na kwa kisu gani.

Kisha Mamdogo akafika sura ya tisa, na kicheko chake kikazimika. *Roho akaketi miguuni pa kitanda, akaniambia: Ee mke wangu mpenzi, usilie.*

Nikamwambia si tabu, apige kalamu nyekundu tu, arudishe herufi ndogo. Akaniangalia kama ninavyoangaliwa na mwalimu wa hesabu. Akanieleza polepole kwamba herufi si ugonjwa, ni dalili. Roho iliyoniambia ni ya marehemu. Huo ni uongo, lakini ni uongo unaoonekana, kama mbwa aliyesimama mlangoni. Roho aliyeniambia ni Roho Mtakatifu. Maneno ni yaleyale ya marehemu, hakuna hata moja lililobadilika, ila sasa anayeyasema ni Mungu. Mungu anamwita mjane mke wangu. Mungu anasema kiuze kiwanja. Na msomaji hatathubutu kubisha, kwa sababu msemaji amevalishwa herufi kubwa.

"Lakini ni hadithi tu, Mamdogo," nikasema.

"Kwenye mahubiri wanasinzia," akasema. "Kwenye hadithi wanalia. Unadhani wakifika nyumbani watakumbuka kipi?"

Akazifunga prufu bila sahihi. Kiswahili kina neno moja kwa vitu hivi viwili: sahihi ni jina lako chini ya karatasi, na sahihi ni kitu kisicho na kosa. Mamdogo haoni tofauti, na hilo ndilo lililomponza.

Meneja alimwita siku ya Ijumaa. Ni mtu wa kumpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimsifu kwanza kwa umakini wake, akamuulizia hali ya nyumbani, kisha akamwambia kwamba kanisa limeshaagiza na mtambo unangoja. Kama Jumatatu sahihi haipo, kuna kijana ana programu ya kompyuta inayosahihisha yenyewe, na ofisi haiwezi kuendelea kumlipa msahihishaji anayechagua vitabu kama anayechagua nyanya sokoni. Mamdogo alinisimulia hayo huku anavua viatu, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya sabuni. Nilijua maana yake. Hana kazi nyingine anayoijua, na hana mtu mwingine wa kumlisha yeye wala mimi.

Jumapili, baada ya ibada, shangazi akaja mwenyewe. Hakubisha hodi zaidi ya mara moja. Alikuwa amebeba mkoba mkubwa wenye nakala ya toleo la kwanza na kibali cha mchungaji, akavitandaza vyote mezani kama mtu anayepanga karata. Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni nafuta sahani. Sahani ile niliifuta mpaka ikachoka.

Alianza kwa upole. Alisema kamati ya vitabu ya kanisa imeridhika, mchungaji ameridhika, wasomaji wanangoja, ni mtu mmoja tu duniani anayeona kosa, na mtu huyo kwa bahati mbaya ni ndugu. Kisha upole ukaisha. Akasema anaonewa wivu. Mamdogo akamuuliza wivu wa nini, wa kukata Roho? Shangazi akasema hayo ni makosa ya mashine, yafutwe, ndiyo kazi anayolipwa. Mamdogo akasema mashine haikuandika sura ya tisa.

"Kwanza ulimfanya mume wangu mzimu," akasema. "Watu wakaniuliza habari zake kanisani kama wanaouliza habari za basi. Sasa umemfanya Mungu. Toleo la tatu utamfanya nini, wifi?"

"Alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wako."

"Basi mwache awe kaka yako. Kaka yako aliwahi kumwambia mtu 'ee mpenzi'? Kaka yako alikuwa anasema, 'Spana yangu mmeiweka wapi?'"

Nilikaribia kucheka, nikauma kitambaa cha vyombo. Shangazi hakucheka. Alisema kuna mama mmoja amemwandikia kwamba tangu amzike mumewe alikuwa hajapata usingizi, na usiku alipoisoma sura ya tisa alilala mpaka jua likamkuta kitandani. Mmoja kati ya wengi. Akaiokota kalamu nyekundu pale mezani, akaiinua kati yao kama anayeonyesha mdudu.

"Na hii imemlaza nani?" akauliza. "Niambie mtu mmoja uliyemfariji na hii."

Mikono ya Mamdogo ilitafuta rula, ikaipata, ikainyoosha sambamba na ukingo wa meza.

"Huyo aliyelala," akasema mwishowe, "kesho mumewe asipokuja, atajiuliza amekosa nini. Kwamba Mungu amekwenda kwa mjane wa kitabuni na kwake hakufika. Hiyo faraja yako ina deni ndani yake, na wewe hutakuwepo kulilipa."

Nilitegemea shangazi arushe maneno mengine. Badala yake akakaa chini. Akauliza, na safari hii alikuwa anauliza kweli:

"Kwani kwako hajaja hata mara moja?"

"Hajaja."

"Ulimngoja?"

"Wewe unaonaje?" akasema Mamdogo. "Na kwako?"

Shangazi aliitazama nakala ya kitabu chake, ile yenye picha ya mawingu na dirisha. "Angekuwa ananijia," akasema, "ningemwandika wa nini?"

Mtu akisikia hivyo atadhani hapo walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Mamdogo alisema tu, kwa sauti yake ileile ya kusahihisha, kwamba basi aandike hivyo. Aandike kwamba hakuja. Shangazi akamuuliza ni nani atanunua kitabu cha mtu ambaye hakuja. Mamdogo akasema hajui, yeye si muuzaji, lakini hicho atakitia sahihi.

Shangazi akakusanya karatasi zake kwa fujo, nyingine zikakunjika. Mlangoni akageuka.

"Una roho ya kutu," akasema.

"Kwa herufi ndogo," akasema Mamdogo. "Hapo umepatia."

Jumatatu Mamdogo akaenda kazini bila sahihi, amevaa nguo zake nzuri, kama mtu anayekwenda kufukuzwa kwa heshima. Alikuta prufu zimeshahamia kwa kijana wa programu. Lakini kabla ya chakula cha mchana shangazi akampigia meneja simu, akasema zisimamishwe, anakichukua kitabu chake. Hakusema kwa nini. Meneja alirudi mezani kwa Mamdogo akiwa na uso wa mtu aliyepoteza pochi, akamwekea kalenda za mwaka ujao azisahihishe. Majina ya siku na tarehe. Hakumfukuza, ila alimkomoa: muhula mzima nilipokuwa nasoma jiografia, yeye alikuwa anahakikisha kwamba Jumatano inakuja baada ya Jumanne. Kanisani akina mama wakamtenga. Walikuwa wamesikia kwamba amekizuia kitabu kwa husuda, na hakuna aliyemshika mkono tena kumuuliza lolote.

Tulipofunga shule, prufu mpya za kitabu kilekile zikaja. Meneja alizileta mwenyewe mpaka mezani, Mamdogo akaja nazo nyumbani, na safari hii niliomba kukaa karibu.

Kukata roho kulikuwa kwa herufi ndogo. Jirani alikuwa na roho mbaya ya kawaida. Kwenye sura ya tisa mjane ameketi kitandani, na miguuni pa kitanda hakuna mtu. Anangoja. Anaomba, na hajibiwi. Kunakucha, anachota maji, anapika uji, na jioni anaomba tena. Basi, hakuna zaidi. Nilipoisoma sikulia kama zile mara mbili za kwanza, ila niliirudia tangu mwanzo.

Ila mjane mwenyewe alikuwa amebadilika. Yule wa kwanza alikuwa laini kama pamba. Huyu mpya ana mdomo kama wembe. Anawasahihisha waombolezaji sarufi wakiwa bado wamesimama kaburini. Wifi yake mwema anamletea chakula, yeye anamwambia amekosea kutamka jina la chakula. Na katikati ya ukurasa shangazi alikuwa ameandika hivi: *Majirani walisema hata kama wafu wangeruhusiwa kurudi huyu wake asingethubutu, maana kabla hajamaliza salamu angekuwa ameshasahihishwa.*

Rula ya Mamdogo ilifika kwenye mstari huo, ikasimama. Nikaushika ukingo wa kiti. Aliusoma. Akaurudia. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa, akausoma tena.

"Mkato umekosekana," akasema, "baada ya 'kurudi'."

Akauweka. Akaendelea mpaka ukurasa wa mwisho, akaandika tarehe, akatia sahihi.

Nikamwambia hilo ni tusi, na kila mtu kanisani atajua ni yeye.

"Ni tusi," akasema. "Akutukanaye hakuchagulii tusi. Lakini mimi silipwi kutafuta matusi. Nimetafuta kosa, sikuliona."

Akachukua simu, akampigia meneja kumwambia mtambo unaweza kuwashwa. Kwa shangazi hakupiga.