Beseni la Mukene Kalerwe

Juzi sokoni Kalerwe, askari wa msako wa samaki wachanga alisimama mbele ya mama anayeuza mukene, wale dagaa wa ziwani. Mama akavua leso haraka, akafunika beseni na kulikumbatia.

"Afande, naomba! Hii ndiyo mtaji yangu yote."

Askari akainua pindo la leso, akachungulia, akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Mama, sisi tunatafuta sangara watoto. Hii mukene hata ikizeeka iko hivi hivi!"

Mama akashusha pumzi, na sisi wanunuzi pia. Askari akanunua kikombe kimoja, akaenda zake.

Msako unalinda ziwa, sina ugomvi nao. Ila wangetuambia mapema nani mtoto na nani mfupi tu.

Mama alifunika beseni tena.

"Sasa naogopa nzi tu," akasema.