Nzi Aliyelala Kushoto

Watu wakisikia nafunga nzi, wanacheka. Chekeni tu. Nzi wetu haruki wala hatui kwenye chai ya mtu. Ni ndoano ndogo unayoivalisha uzi na manyoya ya jogoo mpaka samaki aamini ni mdudu. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa hapa Mutuini, kwenye chumba cha mabati, wanawake kumi na wanne mezani, na miaka sita ya mwisho nimekuwa mkaguzi. Mkaguzi ndiye mwenye wembe. Nzi akiwa amenyooka, nasema "sawa" na kumtia kwenye kisanduku. Akiwa amepinda, namchana mpaka ndoano ibaki uchi, maana ndoano zinatoka ng'ambo na hazitupwi. Jina langu ni Kamene, lakini pale kazini wananiita Wembe, na si kwa mapenzi.

Mume wangu Kimanzi alikuwa mtu wa mjengo, wa kubeba mawe na kujenga kuta. Mwaka juzi jiwe lilimponda gumba la mkono wa kushoto. Nilimwosha kidonda na kumfunga bandeji wiki saba, kisha siku moja akaivua mwenyewe. "Kimepona," akasema, akaficha mkono mfukoni na kuanza kunitania kuhusu ugali wangu. Nikaamini. Nilikuwa na haraka ya kwenda kazini.

Baadaye akaniambia, "Mama Mukai, nifundishe hii kazi yenu ya wadudu. Mjengo umenichosha."

Nilifurahi, siwezi kudanganya. Pale mezani kiti kimoja kilikuwa wazi, na bosi alisema bila kuzunguka: siku Kamene atakaposema sawa kwa nzi wa bwana yake, kiti ni chake.

Basi kila Jumapili tukitoka kanisani tulikaa mlangoni kwetu, mtaa wa Satellite, penye mwanga, na kibano changu cha zamani cha kushikia ndoano kwenye stuli. Nilimfundisha nilivyofundishwa. Bana bawa la unyoya kwa gumba na kidole cha shahada vya kushoto. Uzi upite juu, uvute chini. Mizunguko mitano ya bawa, kisha minne ya kichwa. Yule mwanamume wa kubeba mawe alikuwa anatoa ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Jasho linamtoka. Na kila alipomaliza, bawa lililala kushoto.

Kila nzi. Kushoto! Nilikuwa napandwa na hasira mpaka nasimama.

"Baba Mukai, kwani huoni?"

"Naona. Lakini samaki atajua amelala?"

"Samaki hajui. Mnunuzi anajua." Nikachana. "Rudia."

"Aki mwalimu, hata Mungu alipumzika siku ya saba."

Sikucheka. Ningecheka ingekuwaje? Sasa nakumbuka utani wake mmoja mmoja na kuucheka peke yangu jikoni, halafu nalia.

Niseme ukweli wote. Kulikuwa na nzi wake wanne au watano ambao ningewapitisha kama wangekuwa wa mtu mwingine. Niliogopa midomo. Niliogopa akina Joyline, majirani zangu wa meza, waseme Wembe amekuwa butu kwa bwana yake. Hiyo tu. Nililinda jina langu kwa jasho la mtu niliyelala naye kitanda kimoja.

Miezi minne ikaisha. Jumapili moja nilichana nzi wake wa tatu, naye hakuomba ndoano nyingine. Alikunja kitambaa cha manyoya vizuri, akaniwekea mapajani.

"Basi, Mama Mukai. Kesho narudi mjengo. Mawe hayana mkaguzi."

Nikamwambia haya, nenda. Nilisema hivyo kwa mdomo huu.

Wiki ya tatu jukwaa la mbao lilivunjika naye juu, orofa ya nne. Tulimzika kwao Mwingi.

Niliporudi kazini, mzee mmoja alifika mlangoni na kofia ya jua, akaulizia Kimanzi. Jina lake Zedekiah, karani mstaafu, anakaa Loresho kwa mwanawe na kazi yake sasa ni kuvua samaki aina ya trauti kwenye mito ya baridi kule Nyandarua. Zile wiki mbili za kwanza za kurudi mjengo, Kimanzi alijenga ukuta wa jirani yake. Saa ya chakula walizoea kupiga gumzo, na siku moja Kimanzi alimtolea nzi mmoja aliyemficha kwenye kofia yake ya kazi.

"Aliniambia, mzee, huyu amenusurika wembe wa mke wangu. Mke wangu ndiye mwalimu, hakuna kama yeye Kenya hii." Mzee akatabasamu. "Mama, siku niliyomtumia wenzangu walirudi mikono mitupu. Mimi nilitoa samaki saba. Yule mdudu analala majini kama anayekufa kweli. Nimemletea hiyo habari, na nataka dazeni."

Nilimwambia tumeshamzika. Akavua kofia, kisha akaniwekea nzi huyo kiganjani. "Basi nifungie wewe, mama. Uwe naye mpaka umalize."

Nilikaa. Nilifunga kumi na mmoja kwa kumtazama, na wote walitoka wamenyooka. Mikono yangu ilikataa katakata kupinda. Sasa, kwetu nzi mgeni ukishindwa kumwiga unamfungua uzi, mzunguko kwa mzunguko, unahesabu alivyofungwa. Ndivyo tunavyofanya wote. Sikufikiri mara mbili. Nikamtia kwenye kibano nikaanza kufungua.

Kichwa, mizunguko minne. Sawa. Bawa, mitano. Sawa. Mwili umekazwa vizuri, hakuna uzi uliolegea, hakuna pengo. Kila kitu nilichomfundisha kilikuwa mle ndani, kama nilivyosema. Hakukosea popote. Nikabaki nashangaa, sasa bawa lilipindwa na nini?

Nikaitoa ndoano yake, nikatia nyingine, nikashika unyoya nijaribu tena. Gumba langu la kushoto likajikunja lenyewe kubana, na hapo ndipo nilipokumbuka ile bandeji. Nikalinyoosha gumba, nikalifanya gumu, nikavuta uzi. Bawa likalala kushoto.

Woi, Kimanzi. Kidole hakikuwa kimepona. Miezi minne nilikuwa natazama nzi, sikuwahi kutazama mkono.

Pale kando ya kibano ilibaki ndoano yake tupu. Nzi wake wa mwisho naye nilikuwa nimemmaliza mwenyewe.

Nikamchukua huyu wangu aliyelala, nikasema "sawa" kwa sauti. Meza nzima ikageuka. Joyline akamtazama yule nzi, akanitazama mimi.

"Kamene, lakini huyo si amepinda?"

"Nimesema sawa!" nikamfokea, na kile kiti kilikuwa bado wazi mbele yangu.