Refa Aliyetabasamu Kirumba

Nilipoacha kufundisha baiolojia nilikutana kwenye semina moja hapa Mwanza na kaka wa Mabatini aliyekuwa afisa utumishi. Yeye alichoka kuwaandikia watu barua za onyo, mimi nilichoka kuchora figo ubaoni. Katika kuzungumza tukagundua kwamba tulisoma kozi ileile ya mtandaoni, ya kuwasaidia watu kubadili tabia kwa kufuata namna ubongo unavyofanya kazi. Sahani za pilau hazijaondolewa mezani, tukawa tumeshakubaliana kufungua ofisi.

Hatukufanana kwa lolote. Mimi ni mtu wa Bukoba, nimekulia kwenye migomba na kwaya ya Kilutheri. Yeye ni wa ukoo wa mafundi cherehani, Waislamu wa mjini ambao ukiwauliza kabila wanakuuliza kwanza una muda kiasi gani. Kwa kuwa nilimzidi umri, kila asubuhi aliniamkia. Hata tukiwa tumegombana shikamoo ilikuja tu, kwa sauti ya hakimu anayesoma hukumu, nami niliitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayekusudia kukata rufaa.

Tulipata chumba kimoja Mabatini, juu ya duka la vitambaa. Fundi wa mabango akatuandikia UKOCHA WA UBONGO, na chini yake akachora ubongo. Alichora kwa moyo wote, ila ubongo alikuwa hajawahi kuuona, kwa hiyo akachora kitu cha karibu alichokifahamu, yaani utumbo. Wiki ya kwanza karibu kila aliyepanda ngazi zetu alitaka supu. Mama mmoja alikuja kabisa na hotpoti, akakasirika tulipomwambia hatuuzi.

"Sasa mnachora ya nini?" akauliza.

Wengine waliuliza tunafundisha timu gani. Mwenzangu aliwaeleza kwamba ukocha si wa mpira peke yake, unaweza kumkochi mtu maishani, kazini, hata kwenye ndoa. Walimsikiliza kwa adabu, halafu wakauliza tena ni timu gani.

Basi aliyetuokoa ni mtu aliyekuja kwa kosa hilohilo. Alikuwa refa. Alisoma bango, akadhani sisi ni watu wa michezo, akapanda. Mtu mfupi, mpole, shati limechomekewa, filimbi inaning'inia shingoni ingawa ilikuwa Jumanne na hapakuwa na mechi popote.

"Nikizomewa nasahau sheria," alisema. "Juzi mashabiki wamenipigia kelele, nikampa kadi golikipa ambaye alikuwa anafunga kamba za viatu."

Tulifurahi mno, nusura tumkumbatie. Nikamweleza kwamba ndani ya ubongo kuna kipande kidogo kinachopiga kengele ya hatari, na kengele ikilia sana, sehemu ya mbele inayofikiri inazima kama taa. Nikasema kipande hicho kina umbo la lozi.

"Mwalimu, nani Mabatini anaijua lozi?" mwenzangu akadakia. "Sema karanga."

"Karanga ni ndogo. Na umbo lake si hilo."

"Basi korosho."

"Korosho imepinda!"

Tulibishana hadi refa akainua mkono, akauliza kama anaruhusiwa kuondoka na kurudi kesho.

Kesho yake tulikuwa na mpango. Tungemzoesha kelele kidogo kidogo: yeye akae kwenye kiti, avute pumzi taratibu kwa pua, aitoe kwa mdomo, na sisi tusimame kila upande tumtukane matusi ya uwanjani. Mwenzangu alianza vizuri sana, nadhani alikuwa na akiba ya miaka mingi ya ofisini. "Refa nunua miwani! Refa nenda kachunge mbuzi!" Mimi, mwanakwaya, nilipata shida. Nilisema, "Refa, hukuona vizuri." Mwenzangu akanitazama kwa huruma.

Nikajikaza, nikavuta hewa kutoka tumboni kama tulivyofundishwa sauti ya kwanza, nikapiga ukelele, "MWIZIII!"

Neno hilo Mabatini halipigiwi mazoezi. Kabla sijafunga mdomo, ngazi zililia. Aliingia mwenye duka la vitambaa na futi yake ya mbao, nyuma yake mama lishe na mwiko unaodondosha mchuzi, nyuma yao watu nisiowajua, mmoja ana tofali. Wote wakamtazama mtu mfupi aliyekaa kwenye kiti amefumba macho.

"Ni huyu?"

"Hapana!" nikasema. "Huyu ni mteja!"

"Mbona mnamwita mwizi?"

"Amekubali mwenyewe!" mwenzangu akajibu, na kwa kweli jibu lile halikutusaidia.

Tulichukua muda mrefu kuwaelewesha. Muda wote huo refa hakufumbua macho. Aliendelea kuvuta na kutoa pumzi, uso umetulia kama wa mtoto aliyeshiba. Alidhani na wao ni sehemu ya mafunzo. Watu walipoondoka alisema kipindi kile cha mafunzo kilikuwa kizuri sana, hasa sauti za wageni.

Tuliendelea naye miezi kadhaa, kwa sauti ya chini zaidi. Kisha akatuambia amepangiwa mechi ya mtaa kwenye uwanja mmoja wa vumbi kule Kirumba, timu ya Mabatini dhidi ya wenyeji, na angependa makocha wake wawepo. Nikamtazama mwenzangu. Alikuwa ameishangilia timu ile tangu hajaanza shule, na baba yake ndiye aliyekuwa akiishonea jezi.

"Utaweza?" nikamuuliza.

"Mwalimu, mimi ni mtaalamu," akanijibu.

Siku ya mechi upepo wa ziwani ulileta harufu ya dagaa kutoka soko la samaki la Mwaloni, watu wamejaa hadi juu ya mapipa. Mambo yalikwenda salama bila bao hadi dakika za mwisho. Ndipo beki wa Mabatini akamwangusha mtu, refa akapuliza filimbi na kuonyesha penalti.

Wachezaji wote wa Mabatini wakamzunguka. Lakini niliona refa wetu anaweka kiganja tumboni, anavuta pumzi kwa pua. Halafu akamwambia nahodha aliyekuwa anafoka kuliko wote, na nilisikia kila neno kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu na mstari, "Nahodha, hiyo hasira unaisikia wapi mwilini?"

Nahodha alishangaa. Akajitazama kifuani, akafikiri. "Hapa kooni," akasema.

"Vuta pumzi."

Akavuta. Na wenzake nyuma yake, sijui kwa nini, wakavuta pia. Machozi yalinilengalenga. Niligeuka kumshika mwenzangu mkono, nikashika hewa.

Alikuwa ameshaingia uwanjani, kiatu kimoja mkononi. "Refa kipofu! Refa umehongwa! Mwizi weee!"

Refa akaisikia sauti aliyoizoea. Akageuka, akamwona kocha wake, na uso wote ukachanua. Akamwonyesha dole gumba.

Mwenzangu akazidi kuwaka. "Unanicheka? Unanicheka mimi?" Kadiri alivyotukana ndivyo refa alivyotabasamu na kutikisa kichwa kwa shukrani, mkono uko tumboni, pumzi inaingia na kutoka. Vijana wawili wa usalama wakamnyanyua mwenzangu wakampitisha mbele yangu, miguu inaning'inia.

"Mshusheni tafadhali," niliwaomba. "Huyu ni mtaalamu wa utulivu."

"Wa nini?" mmoja akauliza, na wakaendelea na safari yao.

Penalti ilifungwa. Mabatini wakapoteza.

Baada ya mechi refa alitukuta nje ya uwanja, anang'aa kwa jasho na furaha. Akamshika mwenzangu mikono yote miwili. "Kaka, kile kipindi chetu cha mwisho! Umejitoa hadi ukabebwa! Asante sana."

Nilimwona mwenzangu anapambana na ukweli, na nilijua anaweza kumvunja moyo yule mtu kwa sentensi moja.

"Umefanya vizuri sana," hatimaye akasema. Akajizuia, akashindwa. "Ila haikuwa penalti."

Refa akacheka hadi akashika magoti. Akaaga na kuondoka, bado anacheka peke yake njiani.

Tulikwenda kukaa kwenye mawe kando ya ziwa, tukanunua sato wa kukaanga. Mwenzangu alikula akiangalia meli ya Nansio inavyoingia. Mwishowe akasema, "Mwalimu, mambo yote tuliyosoma, pale sikukumbuka hata moja."

"Ungekumbuka vipi? Taa ilikuwa imezima."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke uwanjani. Nikampa kichwa cha samaki, ambacho najua anakipenda. Refa alikuwa ametuahidi kuleta marefa wenzake watatu wiki ijayo, kwa hiyo tuligawana kazi palepale: mafunzo tutafanya wote, ila mechi za Mabatini nitakwenda mimi.