Mwatumu anayeng'oa karanga ili avune karanga

Saa moja asubuhi, umande bado umelala juu ya majani, na Mwatumu Sadala ametambaa kwa magoti hadi katikati ya shamba lake. Anang'oa magugu kwa vidole, moja moja, huku mkono wa pili umeshikilia shina la karanga lisitikisike.

"Ukitia jembe sasa hivi umejiua mwenyewe," anasema bila kuinua kichwa.

Anafunua majani kuonyesha anachokilinda. Pale ua la manjano liliponyauka kumetoka kijiti chembamba, kimeinama na kuchoma ardhi. Ncha yake ndiyo itakayokuwa karanga. Jembe likipita, inakatika.

Mwatumu ana miaka arobaini na nne, mama wa watoto watatu, mkulima wa ekari moja na nusu katika kata ya Kwaluguru, wilayani Handeni. Katika mwaka mzuri shamba hili humpa magunia tisa. Masika ya mwaka jana alipata debe moja, na karanga zenyewe zilikuwa ndogo kama punje za mtama.

Karanga zilidumaa. Majani yakawa madogo, ya njano, yamejikunja pamoja. Ni ugonjwa unaosambazwa na vidukari, wadudu wadogo weusi wanaojificha chini ya majani machanga.

"Nilikaa pale mwisho wa shamba nikalia," anakumbuka. "Nilikuwa sina hata mbegu ya kurudishia."

Mumewe, Sharifu, alikata tamaa. Alikwenda Korogwe kufyatua matofali, akapanga chumba huko, akawa anapiga simu kila Ijumaa kumtaka Mwatumu amfuate na watoto. Mwatumu aliomba msimu mmoja tu. Ukishindikana, angefunga mizigo.

Akatafuta mbegu kwa dada yake wa Misima. Kabla ya mvua alipita shamba zima aking'oa karanga zilizojiotea kutoka msimu uliopita, kwa kuwa ndizo zinazotunza ugonjwa. Mvua ya kwanza ilipogusa udongo, akapanda, mashimo karibu karibu ili majani yafunike ardhi mapema.

Hata hivyo, mashina ya njano yalianza kuonekana. Kila alipoliona moja aliling'oa na kulifukia. Yalikuwa mengi upande mmoja tu, unaopakana na shamba la jirani yake, Mzee Hiza.

Akamfuata nyumbani kwake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Shamimu. Nimesikia unang'oa mazao yako. Una akili timamu kweli?"

"Nang'oa yanayoumwa, baba. Na ninakuomba na wewe ung'oe ya kwako."

Mzee Hiza, ambaye amelima karanga tangu ujana wake, alikataa katakata. "Mimi sijawahi kung'oa mmea ulio hai, mwanangu."

"Baba, ule hauko hai. Umekaa tu."

Mwatumu akaenda zake. Kesho yake alirudi tena na ombi lingine: angempalilia mzee shamba lake lote, bure, mradi aruhusiwe kuyatoa mashina mabovu. Mgongo ulikuwa ukimsumbua Mzee Hiza tangu mwaka juzi, na magugu yalikuwa yamemzidi.

"Ng'oa," alisema hatimaye. "Lakini nisione."

Akachukua kofia yake akaenda msikitini, ingawa adhana ya adhuhuri ilikuwa bado.

Wiki nzima Mwatumu alipalilia kwa mzee asubuhi na kwake jioni. Magoti yalichubuka. Mara mbili alifikiri kuacha. "Niliona aibu," anasema. "Nilikuwa nalima kwa mtu na kwangu magugu yanapanda."

Mashina ya njano yakapungua, kisha yakawa machache kabisa. Siku moja alisikia anaitwa kutoka ng'ambo ya mpaka. Alikuwa Mzee Hiza, amesimama shambani kwake, ameshikilia mche mmoja uliodumaa, mizizi inaning'inia.

"Huu ulikupita!" alipaza sauti.

Mwatumu anacheka akilisimulia hilo. "Sasa ananikagua mimi."

Wiki iliyopita Sharifu alikuja. Alizunguka shamba, akafunua majani, akaona vijiti vilivyozama ardhini. Kisha akakunja suruali, akapiga magoti kwenye mstari wa pili, akaanza kung'oa magugu hadi jua likazama.

Mvua ikiendelea vizuri, Mwatumu atavuna baada ya masika kuisha. Mashina yaliyostawi kuliko yote ameyafungia vitambaa vya khanga chakavu. Hayo hayatauzwa wala kukaangwa. Ni mbegu, yake na ya Mzee Hiza.

"Sharifu ameniuliza Korogwe nitakwenda lini," anasema, akipiga magoti tena. "Nimemwambia nitakwenda na karanga zangu. Niziuze, halafu nirudi na basi la jioni."