Fundi Séraphin na Gauni la Bei Nusu

Nina kibanda cha kurekebisha nguo katika soko la Seven Sisters, Tottenham, na wateja wangu wengi hunieleza shida yao kwa dakika mbili: punguza hapa, fupisha pale, nitapitia Ijumaa. Bwana Séraphin alikaa kwenye stuli yangu saa tatu nzima. Niliyoyasikia siku ile, pamoja na aliyonieleza bintiye baadaye, ndiyo ninayosimulia.

Huko kwao Bukavu alikuwa fundi wa kutajwa. Alikuwa na cherehani nne na vijana wanne chini yake, na watu walisema anakata kitambaa bila kuchora. Anakutazama mara moja tu, kisha anashika mkasi. Mwaka 1991 alifika London na mkewe Emérence na mtoto wao wa pekee, Raïssa, aliyekuwa na miaka tisa. Hapa hakuna aliyemuuliza kama anajua kushona. Alipata kazi Hayes, karibu na uwanja wa ndege, kupanga vyakula vya abiria kwenye trei ndani ya chumba cha baridi, na wakati wa mambo haya alikuwa humo kwa miaka kumi na moja. Cherehani aliyoinunua kwa mtu aliiweka chumbani karibu na kitanda, na Jumapili baada ya ibada akawashonea akina mama wa kanisa na wanakwaya.

Mkono wa kulia ulianza kutetemeka mwaka 2001. Kwanza kidole gumba tu, tena akiwa amekaa bila kazi. Akasema ni ile baridi ya Hayes. Mwaka uliofuata hakuweza tena kutunga uzi kwenye sindano. Vitambaa vya watu vilivyokuwa nyumbani kwake alivikunja akawarudishia, akiwaambia kazi zimemzidi. Aliyejua ukweli ni Emérence peke yake. Kila asubuhi alimfunga mumewe vifungo vya shati kabla hajatoka, na wote wawili hawakulisema jambo hilo hata siku moja.

Basi mwezi wa Oktoba 2002 watu wa upande wa kijana aitwaye Cédric wakaja kumposa Raïssa. Walikula, wakaelewana, wakapanga harusi mwisho wa Februari. Mjomba wa Cédric akauliza kwa mzaha kama bibi harusi atapata nguo ya maana hapa Ulaya ambapo kila kitu ni cha mashine. Bwana Séraphin akainua kichwa.

"Nguo ya mtoto wangu sitamuachia mtu," akasema. "Nitaishona mimi mwenyewe, na hiyo mikono yangu."

Watu wakapiga makofi. Raïssa akaruka akamkumbatia. Emérence akaanza kukusanya sahani zilizokuwa bado na chakula.

"Maneno yalitoka, Mama Maureen," aliniambia. "Yalitoka kama mtu mwingine ndiye anasema. Nikangoja mtu ayarudishe. Nani atayarudisha?"

Novemba ikapita, Desemba nayo ikapita. Raïssa akiuliza, anajibiwa kwamba baba bado anatafuta kitambaa kizuri. Usiku wa sikukuu ya mwaka mpya akamfuata babake jikoni. Raïssa anakisikia Kiswahili chote, lakini hujibu kwa Kiingereza. Neno "Papa" tu ndilo hajalibadilisha tangu utoto. Akamwambia kwamba Jumamosi duka moja kubwa la Oxford Street linaanza mauzo ya bei nusu, na magauni ya harusi yamo. Hamlaumu, anajua amechoka na kazi, lakini zimebaki wiki saba.

Hapo ndipo angesema ukweli. Alifungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa, "Nitakusindikiza."

Walipanda treni asubuhi, na kabla ya saa tatu walikuwa kwenye foleni iliyozunguka pembe ya duka. Milango ilipofunguliwa hakuna aliyetembea. Bwana Séraphin alisukumwa mpaka ndani bila miguu yake kuamua. Wanawake walikuwa wakijaribu makoti juu ya makoti waliyovaa. Masweta yalilala sakafuni yakikanyagwa. Karibu na lifti palikuwa na viti, na wanaume watano au sita walikuwa wameshakaa wakishika mikoba ya wake zao, wanatazama mbele kama watu walio kwa daktari wa meno.

Ghorofa ya tatu, Raïssa alipata gauni dakika ile ile. Lilikuwa limebaki moja la saizi inayomkaribia. Akaingia chumba cha kujaribia, akatoka, akasimama mbele ya babake, na uso wake ulikuwa unang'aa.

Fundi akaliona gauni kabla ya kumwona mtoto. Bitana ilikatwa fupi, kwa hiyo nguo ilivutwa ndani na kujikunja kiunoni. Zipu ilipinda kuelekea kushoto. Kwenye kwapa mshono uliachiwa nafasi ndogo mno. Akiinua mkono kucheza, utafumuka.

"Geuka, Mama," akamwambia. Huko kwao mtoto wa kike huitwa hivyo. "Ona hapa. Na hapa. Aliyeshona hii alikuwa na haraka. Hata ile nusu ya bei wanakuibia."

"Papa," akajibu, "hakuna mtu atakayetazama kwapa langu."

"Mimi nitatazama."

"Basi ungelishona!" Sauti ilimtoka kwa nguvu, watu wawili wakageuka. Akaishusha. Akasema samahani.

Mzee akaona aibu, na aibu ikamtia ujasiri usiokuwa wake. Nyuma ya magauni, ghorofa hiyo hiyo, ilikuwa idara ya vitambaa, nayo siku hiyo ilikuwa bei nusu. Akamwambia Raïssa avue, wakachukue kitambaa sasa hivi, atamaliza gauni kwa wiki tatu. Nilimuuliza alikuwa anafikiria nini. Akasema hakufikiria. Akasema alipoona yale majora yamesimama ukutani, satini, lesi, hariri, alihisi kama amerudi kwenye meza yake ya kazi na wale vijana wanne wanamngoja.

Raïssa akavaa nguo zake, akalibeba lile gauni mkononi asije akanyang'anywa, akamfuata.

Mwenye kuhudumia kwenye meza ya kukatia alikuwa Mhindi mwenye umri, jina lake Rasik lilikuwa kifuani. Kulikuwa na watu kumi mbele yake na wote walikuwa wanasema kwa pamoja. Bwana Séraphin alipofikiwa, alikuwa ameshika jora la satini rangi ya maziwa, analisugua kati ya vidole, analikunja kidogo na kuliachia aone kama linarudi. Akamwambia bintiye kwa Kiswahili, "Hii. Hii haitakuaibisha."

Rasik akainua macho. "Wewe ni fundi," akasema, kwa Kiswahili vilevile. "Mimi nilizaliwa Kisumu. Baba yangu alishika kitambaa namna hiyo hiyo."

Ungedhani ni ndugu waliopotezana. Rasik akakunjua satini mezani, mita kwa mita, na kwenye mita ya tano wote wawili wakaona kasoro kwa wakati mmoja, uzi mnene uliopita upana mzima. Kitambaa kilichobaki kingetosha kwa shida, kama mkataji anajua aanzie wapi.

"Mimi nikikata hapa nitakuharibia," Rasik akasema. "Wewe ndiye unajua sketi itaanguka vipi. Chora mwenyewe, mimi nifuate." Akamsukumia chaki na rula.

Nyuma watu walikuwa wanasukuma. Mama mmoja alikuwa anamwita Rasik kwa kugonga meza. Bwana Séraphin akachukua chaki. Ilipogusa satini ikaanza kuruka. Akaibana kwa nguvu zaidi, nayo ikazidi. Akauleta mkono wa kushoto kuushika wa kulia, kama mtu anayemshika kuku, na mstari uliokuwa unatakiwa kunyooka ukawa vidoti na mikwaruzo, ukatoka kwenye rula, ukafika ukingoni. Chaki ikakatika.

"Ni baridi, ndugu yangu," Rasik akasema haraka haraka. "Leo asubuhi baridi kali. Hata mimi vidole vimekufa." Akafuta ile chaki kwa kiganja chake.

Bwana Séraphin aliniambia angeweza kulichukua neno lile, alikuwa amefunguliwa mlango. Lakini akageuka akamwona Raïssa. Hakuwa anatazama meza. Alikuwa anautazama mkono, na mdomo wake ulikuwa umefunguka kidogo kama alivyokuwa akifanya utotoni akisikia kelele asiyoijua.

"Tangu lini?" akauliza. Kwa Kiswahili.

Babake akakiweka kipande cha chaki mezani. Yule mama aliyekuwa akigonga meza akaona nafasi, akavuta satini upande wake, akauliza bei. Rasik akamtazama Bwana Séraphin, akangoja. Alingoja sana kwa mtu mwenye foleni kama ile. Mwishowe akainua mkasi, akamkatia yule mama mita mbili katikati kabisa.

Wakarudi kulipia gauni lililokuwa mkononi. Foleni ilichukua karibu saa nzima, na kwenye kaunta walipigia risiti muhuri: halirudishwi, halibadilishwi. Kwenye treni Raïssa alikaa na mfuko mapajani. Kati ya King's Cross na Finsbury Park akauliza tena, na safari hii akaambiwa: mwaka na nusu. Akauliza kama mama anajua. Anajua. Akauliza kwa nini yeye hakuambiwa. Babake akasema, "Ulikuwa na furaha." 

Siku kumi baadaye wakaja kwangu. Raïssa aliliweka gauni mezani, akasema yote aliyotaka, akaenda kazini. Mzee akabaki. Nilimpa stuli nikidhani anapumzika tu. Nilipoanza kufumua kwapa, akasogeza stuli karibu.

"Anzia chini, Mama Maureen. Chini kwanza, halafu upande."

Mimi sikufundishwa hivyo. Nilijifunza Nakuru kwa shangazi yangu, na tunaanzia juu. Nilimwambia hivyo kwa heshima. Baadaye kidogo akasema, "Hiyo bitana usiinyooshe kwa pasi, itang'aa." Nikamwambia najua, Mzee. Akaniuliza uzi wangu ni namba gani. Mkono wake wa kulia alikuwa ameukalia, ameuweka chini ya paja, na mabega yake yalikuwa yanasogea kila nilipopiga sindano, kama mtu anayetazama mpira na mguu unapiga wenyewe. Nilikuwa na kazi nyingine sita za siku hiyo. Nilimjibu kwa mkato mara mbili tatu. Sijivunii.

Ile bitana haikuweza kurefushwa. Nilifanya nilichoweza. Kiuno kilibaki na mkunjo mmoja upande wa nyuma, na mimi na yeye tulijua uko pale.

Harusi ilikuwa nzuri. Nilialikwa. Watu walilisifu gauni, na wengi, kwa sababu walikuwa wamesikia ile ahadi ya Oktoba, walimpongeza Bwana Séraphin kwa kulishona. Wa kwanza mzee alimsahihisha. Wa pili akamsahihisha pia, lakini muziki ulikuwa juu na yule mtu akadhani anajinyenyekeza, akampiga begani. Baada ya hapo akawa anasema asante tu. Kwapa lilishika mpaka mwisho, nashukuru.

Mwezi wa Machi Raïssa alimpeleka babake hospitali, kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na yeye binti ndiye aliyetafsiri. Alikuja kunieleza wiki hiyo hiyo, akiwa amesimama, hakutaka kukaa. Daktari alimwambia babake agonganishe vidole, atembee mpaka mlangoni na kurudi, aandike jina lake. Kisha akazungumza na Raïssa kwa muda mrefu kwa upole mwingi.

"Anasema nini?" babake akauliza.

Raïssa akatafuta maneno. Kiswahili alichonacho ni cha mtoto wa miaka tisa. Ana maneno ya chakula, ya sala na ya kugombezwa. "Anasema si baridi, Papa. Ni ugonjwa. Dawa iko. Lakini kupona... kupona hapana."

Babake akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama anayekubaliana na jambo la busara. Akamshukuru daktari kwa Kiingereza chake. Kisha akamgeukia bintiye.

"Muulize kama Jumatatu naweza kwenda kazini."

Akauliza. Daktari akasema kwa sasa, ndiyo. Na Jumatatu akaenda Hayes.