Taiti ya Tetroni Ukweni

Mwili wangu na joto havijawahi kupatana. Wenzangu wakitoka jasho wanatoka kistaarabu, tone moja juu ya mdomo, wanalipangusa kwa leso, basi. Mie naloa. Kwapa, mgongo, nyuma ya magoti, mpaka masikio, na sijui masikio nayo yanafanya kazi gani ngumu ya kuyatoa jasho. Ungedhani mtu wa namna hiyo angekuwa na akili ya kuchagua nguo: pamba nyepesi, mikono mifupi, nafasi ya upepo kupita. Wapi! Ujana wangu wote pale Temeke, miaka ile Ujamaa umepamba moto, nilivaa kama mtu aliyeweka nadhiri ya kujipika mwenyewe.

Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali mjini. Msichana mpiga taipu wakati ule alikuwa mtu bwana! Ana mshahara wake, ana kucha zake, ana mkoba wake wa mkononi. Baba yangu alikuwa anapakua mizigo bandarini, Kurasini, na mama anauza vitumbua barazani. Walitoka Lindi na sanduku moja la mbao, na mie ndiye mtoto wao niliyeketi kwenye kiti cha ofisini, kile cha kuzunguka. Nilijiona nimefika. Na mtu aliyefika, kwa akili zangu za wakati ule, havai khanga. Khanga ni za kina mama wa sokoni. Mie nilitaka taiti.

Taiti, kwa asiyeikuta, ni gauni linalobana kuanzia kifuani mpaka magotini, ukilivaa unatembea kama kuku aliyefungwa miguu. Langu lilivuka goti kidogo, maana mini zilikuwa zimeshaleta ugomvi, vijana wa chama walikuwa wanasimama vituo vya basi kukagua mapaja ya wasichana, na mie nilikuwa raia mwema. Mapaja yangu niliyafunika vizuri kabisa. Walichokuwa hawakagui ni kama mvaaji anapumua.

Basi, nikapata mchumba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kinondoni, mrefu, mpole, ana sauti ya chini ambayo lazima umsogelee ndipo uisikie, na mie nilikuwa namsogelea kwa furaha zote. Nilimpenda, nisizunguke. Nilimpenda mpaka siku moja nikataipu barua ya mkubwa wa idara nikaweka jina la mwalimu wangu mahali pa jina la mpelekewa, na mkubwa akaitia sahihi bila kusoma.

Kikwazo kilikuwa mama yake. Alikuwa mjane, mwanamke wa pwani hasa, amewalea wanawe peke yake, na neno lake halikupingwa. Mwalimu mtu mzima, ana tai na baiskeli, lakini mbele ya mama yake anakuwa wa darasa la kwanza. Kabla yangu alishampeleka msichana mwingine nyumbani. Mama akampokea vizuri, akamlisha, akamsindikiza mpaka njia panda, kisha akarudi akamtazama mwanawe na kutikisa kichwa. Ikawa mwisho wa habari. Kwa hiyo mwalimu aliponiambia kuwa mama anataka kuniona Jumapili, nilianza kuhesabu siku. Nilijua kichwa kile kikitikiswa tena, nimemkosa.

"We vaa tu kawaida," akaniambia.

Kawaida! Niende nikatazamwe na mama mkwe nimevaa kawaida? Nilimwona mwanaume hana analolijua.

Nikanunua tetroni ya rangi ya zambarau. Tetroni ilikuwa kitambaa cha heshima, hakikunjamani, hakipauki, wala hakipitishi hewa hata chembe. Mtindo niliutoa katika jarida la kizungu lililokuwa linazunguka ofisini. Wanawake wa jarida lile walikuwa wamependeza kupita kiasi, kiuno kimeingia, nyonga imetoka, na wote walikuwa wamesimama. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekaa. Mie sikujiuliza kwa nini. Fundi wa pale barazani kwetu aliponipima akataka kuacha nafasi kidogo kiunoni, nikamwambia apunguze. Akapunguza. Alikuwa fundi msikivu mno.

Jumapili yenyewe ilikuwa ya mwezi wa pili, jua la Dar likiwa halina mzaha na mtu. Nikaanza na mkanda wa kubana tumbo, ule wa mpira mzito wenye vishikizo kama vya godoro. Juu yake taiti, ambayo mama alinisaidia kuifunga zipu huku kaweka goti mgongoni kwangu. Soksi za nailoni. Viatu vya kisigino. Na juu ya yote, wigi. Mama akanizunguka, akanitazama, hakusema nimependeza.

"Utakaaje?" akaniuliza.

"Nitakaa kwenye kochi, mama."

Akachukua doti ya khanga akaikunja akaitia kwenye mkoba wangu. Mwanamke wa kwetu hatoki nyumbani bila khanga, hata kama anakwenda dukani kununua chumvi. Lakini mkoba ukavimba, ukakataa kufungika, ukaniharibia umbo zima nililoligharimia. Mama alipogeuka tu nikaitoa nikaificha chini ya mto. Nilijiona mjanja kweli.

Mpaka nashuka basi Kinondoni, jasho lilikuwa limeshaanza shughuli zake ndani kwa ndani, na kwa kuwa tetroni haikulipa njia ya kutokea, lilikuwa linashuka lote miguuni. Mwalimu alikuwa ananisubiri kituoni. Akanitazama juu mpaka chini, akameza mate, akasema, "Twende." Nikadhani nimemzidi uzuri.

Nyumba yao ilikuwa kama nyumba nyingi za kule, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma ambako ndiko wanawake wanaishi hasa. Kochi nililiona. Lilikuwa sebuleni, lina vitambaa vya kufuma, na wamelikalia wajomba wawili wanazungumza habari za mpira. Mwalimu akabaki nao. Mie nikapitishwa moja kwa moja uani.

Mama mkwe mtarajiwa alikuwa kakaa juu ya mkeka, anachambua mchele, pembeni yake yuko wifi yangu mtarajiwa anaparua samaki. Nikaamkia, "Shikamoo mama," nikijaribu kupiga goti. Goti lilikunjika nusu ya njia likagoma.

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani, kaa."

Nikautazama mkeka. Ulikuwa chini sana.

"Nashukuru mama. Nimekaa mno kwenye basi."

Wifi akainua macho kutoka kwa samaki wake. Mawifi wa pwani wana ruhusa ya kumtania mke wa kaka, na huyu hakungoja ndoa. "Mama, kumbe amechoka kukaa huyu! Basi si atukunie nazi?"

Mtu wa mbali anaweza kudhani nilidharauliwa. Hapana. Ndivyo mnavyopimwa. Hakuna atakayekuuliza umesoma wapi wala unapata shilingi ngapi. Unapewa nazi na mbuzi, kile kibao cha chini chenye chuma cha meno mbele, na watu wanaendelea na shughuli zao huku wanakutazama kwa pembe ya jicho. Wanatazama unavyoipasua, unavyokaa, kama unakuna mpaka kwenye kifuu ukachanganya na weusi. Na kwa nazi, haki ya Mungu, mie sikuwa na wasiwasi. Nimezaliwa na muuza vitumbua, nimekuna nazi tangu meno ya utotoni. Laiti mtihani ungekuwa wa kukuna kwa kusimama, ningewashinda Kinondoni nzima.

Nazi nikaipasua pigo moja, maji nikayakinga bila kumwaga. Nikaona mama katikisa kichwa kidogo, na sikujua ni kwa uzuri au kwa ubaya. Ikabaki kuikalia mbuzi. Nikajaribu upande upande, magoti pamoja, kibao kikapinduka. Nikajaribu kuchuchumaa, taiti ikanirudisha juu. Nikajaribu kupiga magoti nyuma yake, mikono ikawa haifiki kwenye meno.

"Wifi, mbuzi yetu haipigi pembe," akasema yule binti. "Ikalie tu."

Hapo ndipo ilipotakiwa niombe khanga, nijifunge, nifungue zipu chini ya khanga, mambo yaishe. Lakini kuomba khanga ni kutangaza kwamba nimekuja ukweni bila khanga, na hilo nilishindwa. Kiburi cha kijinga kikanipanda. Nikasema potelea mbali, nikatanua miguu, nikajiachia.

Taiti ilipasuka kwa sauti ambayo naamini hata wajomba sebuleni waliacha habari za mpira. Ilianzia kwenye upindo wa nyuma ikapanda mpaka kiunoni bila kupumzika. Upepo wa Kinondoni ukanisalimia mahali ambapo haukualikwa.

Wifi kashika kisu hewani. Mie nimekaa juu ya mbuzi, nyuma kote kuko wazi, mkanda wa mpira na vishikizo vyake vinaonekana, na siwezi kuinuka kwa sababu nikiinuka ndiyo itakuwa balaa zaidi. Sasa mtu unafanya nini? Nikakuna nazi. Nikaikuna kwa hasira, machozi na jasho vinashuka pamoja. Wigi likateleza likaniziba jicho, nikalivua nikalitupa pembeni, na kuku wa nyumba ile wakalikimbia. Nikamaliza kifuu cha kwanza, nikachukua cha pili. Nilikuwa nalia kimoyomoyo, mwalimu wangu basi tena, mwalimu wangu basi tena.

Mama akainuka. Akaja nyuma yangu, akavua khanga ya mabegani akanizungushia, akanishika mkono. "Njoo ndani," akasema. Nyuma yetu nikasikia kicheko cha wifi kimefunguka, cheko la kushika mbavu.

Chumbani akaniongoza nigeuke ukutani, akaanza kufungua vile vishikizo kimoja kimoja. "Toba! Na hili gamba nani kakufunga?"

"Nimejifunga mwenyewe, mama."

"Pumua, mwanangu."

Nikapumua. Sikujua kuwa nilikuwa nimeacha. Akanipa shimizi lake la pamba, pana, limefuliwa mpaka limekuwa laini kama ngozi ya mtoto, akanifunga khanga moja kifuani na nyingine akanitupia mabegani. Basi, hakuna zipu wala kishikizo. Ukiinama inainama na wewe, ukikaa inakaa, na upepo mdogo wa dirishani unaingia chini unatokea shingoni. Nikajitazama kwenye kioo cha kabati, nikakasirika. Nilikuwa nimependeza. Nyonga zilikuwepo, kiuno kilikuwepo, vyote vimekaa mahali pake, na wala sikuvilipia chochote kwa fundi.

Lakini moyo ulikuwa mzito. Nilijua huruma ni huruma tu, hata mgonjwa hufunikwa. Nikarudi uani nimenywea, nikachuja tui zito na jepesi, nikakaa mkekani vizuri kama watu. Chakula kikaiva, wali wa nazi na samaki, na hapa napo nikajiaibisha, kwa sababu tumbo lilikuwa limefunguliwa kutoka kifungoni. Nilikula jamani! Wifi alikuwa ananiongezea bila kuuliza, nadhani alitaka kuona mwisho wangu uko wapi. Hakuuona.

Baada ya kula, joto likawa la kuzima watu. Kivuli cha ukuta kikasogea juu ya mkeka, wenye nyumba wakajinyoosha kama ilivyo kawaida saa zile. Mie nikaapa kukaa wima, msichana mwenye adabu, mpaka mwalimu aje kunichukua. Nikasema nitaegemea ukuta kidogo tu.

Nilichokuja kusikia ni sauti ya chini, ile ya kusogelewa. "Mama, nimekuja kumchukua, tutakosa basi."

Sikufumbua macho. Kwanza nikajikagua kwa ndani, na kila nilichokikuta kilikuwa aibu. Nilikuwa nimelala chali katikati ya mkeka. Mguu mmoja uko nje ya khanga. Udenda umefika sikioni. Na mngurumo niliokuwa nausikia usingizini nikidhani ni lori, ulikuwa wangu mwenyewe. Ukweni! Siku ya kutazamwa! Nikajua sasa kichwa kinatikiswa.

"Mwache alale," mama akasema.

"Mama, niwie radhi. Nadhani amechoka, kwa kawaida yeye si..."

"Radhi ya nini?" Nikahisi khanga inavutwa taratibu kuufunika mguu wangu. "Yule mwingine alikaa hapa kutwa nzima hakuegemea hata ukuta. Mgeni halali hivi, baba. Mtu analala hivi kwao. Nenda sebuleni kawaambie wajomba zako tupange siku ya kwenda Temeke."

Usingizi uliniruka wote, hata chembe haikubaki. Lakini nani angefumbua macho saa ile? Nikaendelea kukoroma, safari hii kwa makusudi, tena kwa sauti, wasije wakabadili mawazo.