Sherehe Katika Banda la Kuni

Mzee Njue alilisha boila la kiwanda chetu cha chai, hapa Kibugu, kwa miaka ishirini na sita, na miaka hiyo yote alikuwa na ugomvi mmoja tu: kuni mbichi. Lori likimwaga magogo yanayochuruzika maji, alinijia mezani ninapopokea majani ya wakulima.

"Ruguru, hizi si kuni. Tunachemsha maji yaliyo ndani ya miti kabla hatujakausha chai hata kilo moja."

Nilimwitikia kwa kichwa huku nikiendelea kupima. Alinichosha, nakiri.

Mwaka jana mikaratusi ya kiwanda ilikaribia kuisha. Mwenyekiti wetu, Muchangi, akasema tukate Kiamuringa, kichaka cha miti ya asili kilicho juu ya chemchemi. Nusu ya kijiji huteka maji pale, mimi nikiwemo. Njue akaingia kwenye mkutano wa wakurugenzi bila kualikwa, na gambuti zake za matope. Akawaambia kuni zikipasuliwa na kukaa miezi minane chini ya paa, tutachoma pungufu kwa theluthi, na ule moshi mweusi unaotuchafulia nguo kwenye kamba utapungua. Walimcheka kidogo. Hatimaye Muchangi akampa banda na sharti: boila lifanye kazi Juni na Julai yote kwa kuni hizo peke yake. Zikitosha, Kiamuringa haitaguswa. Zikiisha mapema, misumeno inaingia.

Alizipanga kuni zile kama vyombo kwenye kabati la mama mkwe, na nafasi za kupitisha upepo. Kila Jumatatu alidunga kipimo cha unyevu kwenye gogo na kuandika namba ukutani kwa chaki. Alianza na asilimia hamsini na mbili. Kufikia Mei ilikuwa ishirini.

Mei hiyo hiyo akawa anastaafu. Sisi wafanyakazi tukaunda kamati ya kumuaga, mimi katibu. Ijumaa jioni, siku moja kabla ya sherehe, mvua ikinyesha, mwenye hema tulilokodi akapiga simu kusema hema limekwenda harusini Manyatta. Na mimi, mtu niliyehubiriwa habari za kuni kavu kila siku ya Mungu, nikauliza, "Kwani banda la kuni lina shida gani?"

Hakuna hata mmoja aliyepinga. Mpaka leo nikikumbuka nataka kujipiga kofi.

Jumamosi asubuhi tulimtuma Njue Embu mjini kwa uongo wa fomu za pensheni. Watu thelathini tukazitoa kuni zote na kuzirundika kwenye nyasi. Turubai tulikuwa nalo. Tulilitandika sakafuni, ili viatu vya wageni visiingie vumbi. Zile namba za chaki tukazifunika kwa maputo.

Saa nane akaingia na mkewe, Wamuyu. Tukaimba. Yeye alikuwa anatazama nje, kule mvua ilikokuwa ikiinyeshea miezi yake minane.

"Ruguru, nani ametoa kuni?"

"Mzee, si tulitaka tu kukusapraizi."

"Mmenisapraizi," akasema, akaketi.

Tukamfunika blanketi jipya. Muchangi akashika maikrofoni na kusema yale yanayosemwa siku kama hizo: "Mzee, leo ni yako. Omba chochote." Wote tulijua jibu, kwa sababu ng'ombe wa zawadi alikuwa amefungwa nyuma ya ofisi.

Njue akasimama. "Mwenyekiti, ng'ombe wangu wananitosha. Mimi naomba mpaka Krismasi. Hizi kuni nizikaushe tena, ndiyo tuzipime kwa boila. Na mpaka hapo, Kiamuringa isiguswe."

Mtu anayeagwa hanyimwi ombi mbele ya watu, na hao watu, wakulima wanaoteka maji pale kwenye chemchemi, walikuwa wamejaa viti vya mbele. Muchangi aliwatazama mmoja mmoja. Akakubali, na uso wa mtu aliyemeza dawa chungu.

Njue akaweka maikrofoni chini, akavua koti la suti, akatoka mvuani na kubeba gogo. Wamuyu akajifunga leso juu ya nguo yake mpya na kumfuata. Mimi nilibaki nimekaa na sahani yangu, kisha nikavua viatu nikatoka. Wengine wakaja nyuma. Tulibeba mpaka giza likaingia, na mukimo wetu wa viazi vya kupondwa ukapoa kwenye masufuria.

Jumatatu ya kwanza ya Juni, Njue akiwa mstaafu kamili, nilipita bandani asubuhi nikamkuta amechuchumaa na kipimo chake, akigeuza magogo ya chini.

"Mzee, si tulikuaga?"

"Nyinyi mliniaga. Mimi kuni sikuziaga."

Akasoma kipimo, akaguna, akaninyooshea chaki.

"Thelathini na moja. Andika hapo ukutani, na kando yake uandike jina lako."

Nikaandika.